Pindo, Aliyewashonea Watu wa Kwenye Simu

Marehemu shangazi yetu, ambaye mtaa mzima ulimwita Pindo, alizaliwa tarehe 14 Machi 1979, mtoto wa pili na msichana pekee katika nyumba ya watoto watatu. Aliyemfuata ni baba yangu. Jina la Pindo alijipatia mwenyewe akiwa bado mdogo, kwa sababu alikuwa hawezi kuona suruali inaburuta akanyamaza. Anakusimamisha njiani, anapiga goti, anachomoa sindano kwenye ukosi wa gauni lake, anakupindia palepale, halafu anakwambia, "Haya nenda sasa, unaonekana una wazazi." Hata mwalimu wake wa hesabu alipindiwa. Alipindiwa huku anafundisha.

Alisoma shule ya msingi jirani na nyumbani kuanzia 1986 mpaka 1992, akaendelea na sekondari mpaka 1996. Ripoti zake baba bado anazo, na karibu kila mwalimu kaandika kitu kilekile: ana akili ila anachora. Ni kweli, alichora. Alichora makoti kwenye jiografia na magauni kwenye kemia. Mwaka 1997 aliingia chuo cha ushonaji, akatoka mwaka uliofuata na cheti na cherehani iliyokwisha kutumika na wawili kabla yake. Kompyuta hakufundishwa na mtu. Alijifunza ukubwani, kwa video kwenye simu, anasimamisha, anarudisha, ananiuliza, "Huyu kijana mbona anaongea kama anafukuzwa?"

Mwaka 1999 alifungua chumba chake cha kushonea, kile cha mlango wa bluu, chenye kioo kirefu kilichopasuka pembeni na kapu la vipande vya vitambaa ambalo sisi wote watoto wa ukoo tumewahi kulilalia. Sare za shule, mashela, suti za kuombea kazi, mapazia ya watu wanaohamia nyumba mpya, vyote vilitoka pale. Nikiangalia humu msibani naona kazi zake nyingi zimekaa kwenye viti. Zimekaa vizuri, kwapa hazivuti.

Tarehe 8 Septemba 2001 alifunga ndoa na fundi saa. Fundi saa alikuwa ameleta suruali ifupishwe. Akaifupisha. Wiki iliyofuata kaleta ileile, eti bado ndefu. Akaifupisha. Alipoirudisha tena shangazi akaitazama, akamtazama na mwenyewe, akasema, "Kaka, hii ikipanda tena inakuwa kaptula. Sema ulichokuja kusema." Akasema. Mwaka 2004 Mungu akawajalia binti, ambaye ni dada yangu kabisa ingawa tumezaliwa matumbo mawili.

Sasa wazee wangu, hapa naomba mnivumilie, maana bila sehemu hii mtakuwa mnazika nusu ya mtu.

Kuna gemu moja ya kulea watu, inachezwa kwenye simu na kwenye kompyuta. Unawajengea nyumba, unawalisha, unawapeleka kazini, unawavisha. Mchezaji anaruhusiwa kutengeneza vitu vyake na kuviongeza humo ndani, viti, mapazia, nguo. Kitu cha hivyo kinaitwa modi. Kampuni yenye gemu haikitengenezi. Anakitengeneza mtu tu, kwake, kwa macho yake na mgongo wake, na wachezaji wenzake wanakipakua.

Mwaka 2020 nilikuwa nacheza gemu hiyo chumbani kwake, juu ya kapu, akanichungulia begani.

"Huyu nani?"

"Mtu wangu, shangazi."

"Nani kamkatia kwapa hivi?"

"Ni gemu hiyo, shangazi. Hata mkono hainui."

"Hawezi. Kwa kwapa hilo hata wewe usingeinua."

Ndivyo ilivyoanza. Kabla mwaka haujaisha alikuwa amenunua laptopu ya mtumba na watu wa kwenye simu wameanza kuvaa vizuri. Wengine wanaotengeneza nguo za gemu wanachora. Yeye alishona. Kila nguo aliishona kwanza ndogo, ya kumtosha mwanasesere, kwa vipande vya kwenye kapu, akaipiga pasi, akailaza mezani karibu na dirisha, akaipiga picha, na picha hiyo ndiyo aliyoivalisha gemu. Ndiyo maana nguo zake zilikuwa na mikunjo ya kweli. Ukizoom unaona uzi.

Shati lake la kwanza la kiume lilimtia aibu. Gemu ile ina tabia ya kugeuza picha kama kioo, na yeye hakujua, kwa hiyo vifungo vikatokea upande wa kike. Mumewe alicheka mpaka akaacha saa ya mteja imefunguliwa tumbo. Shangazi akarekebisha usiku uleule. Wachezaji wakagoma. Wakamwandikia kutoka nchi ambazo hata mwalimu wake wa jiografia hakuzitaja: rudisha vifungo vyetu, tulikuwa tunakutambua kwa vifungo. Basi akarudisha, na tangu siku hiyo kila shati la kiume la Pindo ndani ya gemu likawa na vifungo kinyume, huku lile dogo la mezani vifungo viko sawasawa. Shikeni hilo la vifungo.

Februari 2023 kampuni ikafungua duka ndani ya gemu. Mwenye modi anaiweka, mchezaji analipia, kampuni inakata yake, inayobaki ni ya aliyetengeneza. Kuna wachezaji walinuna, wakasema modi ni ya kupeana bure. Shangazi hakugombana nao. Alisema, "Suti ya harusi mbona hamniombi bure? Macho yanayoumia si ni haya haya?"

Kujiandikisha kulikuwa na fomu za kuchosha, akaunti ya benki na nini na nini. Jirani yake mwenye duka la kutoa kopi na kuchapa, tunayemwita Meneja, akamwambia, "Dada Pindo, wewe shona. Mambo ya mtandao niachie mimi." Meneja yupo hapa leo. Atakuwa amekaa mbele, kwa sababu huwa anakaa mbele.

Shangazi akashona. Meneja akawa anamletea kitu kidogo kila mwisho wa mwezi, hela ya kununua uzi, anamwambia soko bado changa, watu hawajazoea kulipa, tuvumilie. Akavumilia mwaka mzima na zaidi. Mpaka mimi nikaingia duka la gemu kumnunulia mtu wangu koti la kijivu, nikakuta duka linaitwa Mitindo ya Meneja. Na picha juu. Meneja amesimama, amekunja mikono, amepiga uso wa msanii, na shingoni ametundika futi ya kupimia. Futi ya shangazi. Ile iliyopotea Pasaka, tuliyoitafuta mpaka chini ya kabati. Chini ya picha, idadi ya watu waliolipia koti moja tu la kijivu ingelijaza hema hili na viti vikakosekana.

Nilimwonyesha shangazi. Alimalizia mshono aliokuwa nao, akakata uzi, akavaa viatu, akaenda mlango wa pili. Mimi nyuma yake, sikutaka kupitwa.

"Meneja, nimekuja kukuuliza. Koti la kijivu, kola yake nimeikataje?"

"Dada Pindo, si tumeshirikiana jamani? Mimi nimeweka mtandao."

"Na mimi nimeweka nini?"

"Umeweka ufundi."

"Haya. Ufundi unaondoka. Baki na mtandao wako."

Akamwandikia kampuni. Wakamjibu kwa adabu kwamba duka limeandikishwa kwa jina la huyo bwana, labda alete uthibitisho. Akawa bado anajipanga kuutafuta, miguu ikaanza kuvimba. Kwanza tukasema ni cherehani. Juni 2025 daktari akasema ni moyo, umepanuka, na kwamba asiinuke hovyo. Alilazwa hospitali mara tatu. Wodini alimpindia muuguzi mkono wa koti, akamwambia mganga mkuu kuwa mfuko wake umekaa kama umechoka na kazi.

Na hapo sasa, ndugu zangu, gemu ikabadilishwa. Huwa inafanyiwa hivyo mara moja moja, na safari hii watu wa ndani walipewa miili mipya yenye mabega mapya. Modi zote za zamani zikahitaji kupimwa upya na aliyezitengeneza. Meneja hakuwa na cha kupimia zaidi ya futi ya kuvaa shingoni. Nguo zikaharibika. Mikono ya koti ikatokea mgongoni. Suruali zikawa zinabaki zimesimama jikoni wakati mwenyewe ameshafika sebuleni. Bwana harusi mmoja wa kwenye gemu aliingia ukumbini na tai peke yake. Waliolipa wakataka hela zao, wakamtukana Meneja kwa lugha zote, na mimi nilikuwa nazisoma kwa sauti pale kitandani, na nyingine nilizitafsiri. Daktari alikataza asicheke sana. Tulimkosea daktari.

Meneja akaja wodini na juisi ya boksi.

"Dada Pindo, nipe zile faili za kazi tu, za kupimia nguo upya. Tutagawana nusu kwa nusu."

"Na za nyuma?"

"Za nyuma zimeshapita, dada."

"Basi na faili zimeshapita. Juisi iache, mwanangu ana kiu."

Shangazi alifariki Ijumaa tarehe 7 Novemba 2025, asubuhi, mumewe amemshika mkono wa kushoto na binti yake wa kulia. Alikuwa na miaka arobaini na sita. Mimi nilikuwa shuleni. Sitaandika zaidi hapo kwa sababu sijui niandike nini.

Kilichofuata najua. Tulipohamishia msiba nyumbani, mimi na dada tulikaa na vile vinguo vidogo, vyote, vimejaa sanduku, na picha zake za awali kabla gemu haijazigeuza. Vifungo viko sawasawa kwenye kila shati. Mtu aliyechukua nguo ikiwa imeshaingia kwenye gemu anazo zilizogeuka tu. Ambazo hazijageuka anazo aliyeshona. Tukavipanga mezani karibu na dirisha lilelile, tukapiga picha, tukatuma kwa kampuni pamoja na faili zote za kazi. Tukajibiwa kwamba duka la Mitindo ya Meneja limefungiwa, hela zilizomo hazigusiki, na mwenye duka amepewa mpaka Jumatatu kuleta za kwake, kama anazo.

Juzi Meneja alikuja kwa mumewe marehemu, mbele ya wazee, kichwa kimeinama. Akasema angependa kuinunua ile laptopu kuukuu ya dada Pindo, na atatoa bei ya mpya. Fundi saa ni mtu mpole, akamuuliza, "Ya nini, imechoka hiyo?" Meneja akasema, "Kumbukumbu tu, kaka. Kilichomo ndani sina shida nacho." Wazee walisikia. Mimi nilisikia, nilikuwa namimina chai. Dada akaingia chumbani, akakaa nayo kidogo, akatoka nayo imefutwa vumbi, akamkabidhi kwa mikono miwili.

Meneja, kwa kuwa hukuwa na shida na kilichomo ndani, hatukukuwekea. Kuna kikokotoo, kuna gemu ya karata, na kwenye skrini kuna picha ya shangazi anacheka. Hiyo ndiyo kumbukumbu uliyoomba. Hela uliyotoa ndiyo imekodi hema hili na viti hivi, kwa hiyo angalau leo umekalia cha kwako. Ratiba hii ya mazishi, yenye maneno haya, hatukuichapa dukani kwako, tumeichapa mbali, na nadhani sasa umeelewa kwa nini. Tumechapa nakala za kutosha. Chukua mbili. Na kuanzia wiki ijayo, zile za nyuma zilizokwisha kupita, dada atakuja kukuuliza zilipita wapi. Hatakuja peke yake, baba yangu anamsindikiza.

Baba, najua ulinipa hii kazi kwa sababu ulisema nina maneno. Usinitazame hivyo, ulisema mwenyewe niandike alivyoishi.

Marehemu ameacha mume, fundi saa, binti mmoja, ambaye ameshajifunza mabega mapya na atakuwa anazipima nguo upya moja moja, kwa jina la mama yake, kaka mmoja mkubwa na baba yangu, mawifi wawili, sisi watoto wa kaka zake, wateja ambao nguo zao ziko tayari na waje kuzichukua kabla ya mwisho wa mwezi, na watu wengi sana wa kwenye simu, wa nchi nyingi, wanaotembea leo wameinua mikono bila nguo kupanda.

Shangazi yetu Pindo apumzike, amechoka kihalali. Meneja asipumzike kwanza.