Safu Mbili za Meno ya Rawya

Nashwa, Hazem, sogeeni, na huo mto nitilieni mgongoni, maana leo nitasema mimi na sitaki kukatizwa. Nyumba hii ya Aleksandria ni yenu wote, kliniki vilevile. Kinachonitia kichefuchefu ni ule ukuta wa mbao mliousimamisha katikati ya kliniki yangu ningali hai, dada upande wa kupanga meno, kaka upande wa kupasua mataya, na mkitaka kuambizana jambo mnamtuma mfagiaji. Astaghafirullah, madaktari wazima!

Rawya, binti wa Bi Ihsan, alikuja kwetu taya la chini limejitokeza mbele. Nashwa, ukamfunga nyaya, ukayasukuma meno ya chini mbele zaidi kama inavyotakiwa, ukamwambia, "Kwanza utazidi kuwa mbaya, mwaya, halafu kaka yangu atalirudisha taya nyuma." Akakuamini. Sasa kazidi kuwa mbaya kweli, na kaka yuko wapi? Hazem anasema, "Meno hayajawa tayari." Nashwa anasema, "Yako tayari, anataka nimpigie magoti." Na mtoto wa watu anakula maharage ya ful ya kupondwa, mkate haukatiki mdomoni mwake, kwenye tramu anajiziba uso kwa mtandio. Jana mama yake kasimama hapo mlipo, akaniambia, "Daktari, mmemharibu mwanangu, mkamtupa." Sikujua niuweke wapi uso wangu. Ptuu! Mmenichefua.

Hata meno yake ya plasta, ule mfano wa kinywa chake kilivyo sasa, mmegawana, Nashwa kafungia safu ya juu kabatini mwake, Hazem ya chini. Nani aliwahi kupima mdomo kwa safu moja? Punda wa muuza mboga angewacheka.

Sikilizeni, wanangu. Nikifa kabla ukuta ule haujabomolewa, msinibebee jeneza, watanibeba majirani. Nendeni mkazilete safu hizo sasa hivi, na msiniletee machozi.

Mmerudi? Haya... ziwekeni kiganjani mwangu. La, zitaniponyoka. Shikeni nyinyi, kila mtu yake. Hazem, irudishe ya chini nyuma... kidogo tena. Nashwa, mwambie anapokosea, ulimi unao. Zikutanisheni... polepole.

Hapo. Nimesikia zilivyogongana. Zimeshikana zote, Hazem, umeona mwenyewe, meno yako tayari.

Mungu awaridhie... awaweke pamoja, wanangu... Maji? Maji baadaye. Mpigieni kwanza mama yake Rawya.