Kaka Yetu Rula na Vyumba Alivyovichora

Marehemu kaka yetu alizaliwa tarehe 9 Machi 1968, mtoto wa pili wa fundi seremala na mkunga. Jina la Rula alilipata shule ya msingi, kwa kuwa hata uwanja wa mpira alitaka aupime kwanza ndipo acheze. Mama alimtania kwamba huyu atapima hata mchumba.

Alisomea uchoraji wa ramani za majengo chuo cha ufundi, na mwaka 1991 akaajiriwa katika ofisi aliyoitumikia hadi mwisho. Walikaa ukumbi mmoja, meza zikitazamana. Ukikosea mstari, mwenzako anakuona. Ukikohoa, ukumbi mzima unakupa pole. Yeye na aliyekaa mbele yake wakawa chanda na pete, na mwaka 1996 Rula akamwoa dada wa rafiki huyo. Walijaliwa mabinti wawili.

Mwaka 2019 mkurugenzi mpya alitaka kila mtu awe na chumba chake, akamwagiza Rula achore. Alichora, maana kazi ni kazi, lakini nyumbani alituambia kwamba pale patabaki milango tu. Na kweli. Makosa yakawa yanagunduliwa saiti, jengo limeshasimama, na kila mmoja akamtupia lawama wa chumba cha pili. Wakachoka kugombana, wakawekeana sheria: mlango ukifungwa, usibishe hodi. Hata yeye na shemeji yake wakawa watu wa kutikisiana vichwa koridoni.

Presha ilimwanza mwaka 2021. Jumanne, tarehe 14 Mei 2024, asubuhi alifunga mlango wake, akapata kiharusi. Wenzake walipita hapo kutwa, wengine wakinyata wasimsumbue. Mama wa usafi ndiye aliyefungua jioni. Daktari alisema angewahiwa, angepona.

Hospitalini wifi yangu, mke wa Rula, alimuuliza kaka yake, yule rafiki wa ofisini, siku nzima alikuwa wapi.

"Hapo hapo, dada. Chumba cha pili. Nilidhani anafanya kazi."

Simchukii. Lakini nina uchungu, na siwezi kuuficha mbele ya jeneza hili.

Rula ameacha mjane, mabinti wawili, mama yetu, mimi dada yake mdogo, na shemeji yake, ambaye tangu Jumanne ile hawezi kufunga mlango wowote, hata wa choo.

Mungu ampe kaka yetu pumziko lenye amani.