Kesho Anaondoka na Meri

Jumamosi ya kwanza ya Agosti 1964, muda mfupi kabla ya saa sita mchana, simu kutoka Mombasa ilipokelewa katika duka moja la vitambaa karibu na stendi ya basi ya Kakamega. Aliyeipokea ni Phineas, karani wa duka, ambaye kijiweni tunamwita Haloo. Aliyepiga ni Chrispinus, karani wa shamba kule Lugari, aliyekuwa Mombasa na mkewe Jescah. Mzungu mwenye shamba alikuwa ameuza na kurudi kwao, akawaachia tikiti mbili ambazo yeye hakuzihitaji tena: tikiti za meli ya matembezi, inayotoka Mombasa, ikazunguka baharini wiki moja, ikarudi Mombasa. Simu ilikatika kabla Chrispinus hajamaliza. Phineas akavuka barabara hadi kwenye benchi ambapo Rajabu wa Ekero huuza kahawa. Mukhwana, babake Jescah, alikuwa amekaa hapo tangu asubuhi akingoja habari. Kulia kwake alikaa Cleophas, tunayemwita Sajenti, aliyepigana Burma. Kushoto alikaa Lazarus, tunayemwita Gazeti kwa sababu husoma magazeti ambayo wenzake wamefungiwa nyama. Mimi nilikuwa mwisho wa benchi.

HALOO: Mzee Mukhwana, habari imeingia. Mkwe wako amepiga simu.

MUKHWANA: Mtoto wangu mzima?

HALOO: Mzima. Ametembea mpaka amechoka. Jana walizunguka Mombasa kutwa. Asubuhi waliingia ngome.

MUKHWANA: Waliingia nini?

HALOO: Ngome. Ile ya Waleno.

SAJENTI: Simama hapo. Hiyo naijua. Hiyo ni jela. Kuna mtu wa kwetu alifungwa mle, akatoka na meno matatu.

HALOO: Hawa walilipa kuingia.

SAJENTI: Jela ya kulipa! Haya, hiyo ndiyo Uhuru.

GAZETI: Sajenti, wafungwa walishahamishwa. Nilisoma. Siku hizi wanawekanga mle vitu vya zamani, watu wanatazama.

SAJENTI: Ulisoma gazeti la lini?

GAZETI: Tarehe ilikuwa na damu ya mbuzi.

Mukhwana aliwaomba wanyamaze. Akamwambia Haloo aendelee, tena polepole.

HALOO: Harafu wakapita chini ya meno ya ndovu.

MUKHWANA: Ndovu yuko mjini?

HALOO: Ndovu hayuko. Ni meno tu, yamesimama barabarani, makubwa kushinda nyumba. Magari yanapita katikati.

RAJABU: Subhanallah. Na mwenye meno akija kuyatafuta?

SAJENTI: Mimi nilipita barabara hizo wakati wa vita. Hakukuwa na meno.

GAZETI: Ndovu alikuwa bado anayatumia.

HALOO: Harafu wakanunua madafu. Wakala samaki. Wakavuka na feri kwenda ng'ambo, mara nne.

MUKHWANA: Ng'ambo kuna nini?

HALOO: Hawakuwa na kitu huko. Wanavuka, wanarudi.

MUKHWANA: Mara nne?

HALOO: Chrispinus anasema Jescah aliipenda.

Rajabu alimimina kahawa, akaanza na Mukhwana.

SAJENTI: Sasa nimeelewa. Hayo ni mazoezi. Wanavushwa na kurudishwa ili wazoee.

MUKHWANA: Wazoee nini?

SAJENTI: Kwenda bila kufika. Si ndiyo kazi ya hiyo meli?

MUKHWANA: Hapo ndipo mimi sielewi, na nimeuliza tangu walipoaga. Hiyo meli inawapeleka wapi?

GAZETI: Mombasa.

MUKHWANA: Si wako Mombasa?

GAZETI: Ndiyo.

MUKHWANA: Basi kwa nini wasibaki?

SAJENTI: Mzee, mimi nimepanda meli, ninyi hamjapanda. Sisi pia tulianzia hapo hapo Kilindini. Tulipewa chai na mkate. Afande akasema, vijana, mnaenda kuona dunia. Tulipokuja kuuliza, tuko Burma.

GAZETI: Vita vilikwisha, Sajenti.

SAJENTI: Nani alikuambia? Gazeti la damu?

GAZETI: Mimi naona jambo lingine. Fikirieni. Uhuru umefika wapi? Umefika ufukweni. Bendera yetu imesimama mchangani. Ukiingia maji ya kiuno, huko hakuna bendera. Mzungu aliyeondoka Lugari anajua hilo. Anawapa watu tikiti, wanatoka kwenye Uhuru wenyewe, kwa miguu yao, wanakaa wiki nzima kule nje. Wakirudi, ni watu wa nani?

RAJABU: Lakini wanarudi.

GAZETI: Wanarudi, ndiyo. Lakini wamekaa.

Mukhwana alimtazama Haloo. Alimwuliza kama Chrispinus alisema neno lingine kabla ya simu kukatika.

HALOO: Alisema la mwisho. Kwamba kesho anaondoka na Meri.

Mukhwana aliweka kikombe chini.

MUKHWANA: Na nani?

HALOO: Na Meri.

MUKHWANA: Meri gani?

HALOO: Mzee, simu ni simu. Hakunieleza ni gani.

GAZETI: Mimi najua Meri mmoja tu aliyekwenda Mombasa. Yule mwalimu wa Shianda.

Hapa ni lazima nieleze jambo ambalo benchi lote lilijua. Kabla ya kumwoa Jescah, Chrispinus alikuwa amemposa Meri wa Shianda. Mambo hayo yalivunjika. Meri akapata kazi ya kufundisha Mombasa, na Mukhwana akamtoa binti yake baada ya Chrispinus kuapa mbele ya wazee kwamba ya Shianda yamekwisha. Jescah hakuwa na ndugu wala rafiki Mombasa. Akiachwa huko, ni mtu wa kufuatwa kutoka Kakamega.

RAJABU: Jamani, huenda alisema meli. Meli ya majini.

MUKHWANA: Haloo, alisema meli au alisema Meri?

HALOO: Ndiyo. Meri.

SAJENTI: Ngoja, tumhoji vizuri. Haloo, yule mwalimu wa Shianda anaitwa nani?

HALOO: Meli.

SAJENTI: Na kile chombo kikubwa, cha chuma, kinachopita baharini?

HALOO: Meri.

RAJABU: Alhamdulillahi. Basi ni chombo.

MUKHWANA: Ni chombo?

GAZETI: Si lazima. Huyu anarudia tu alichosikia. Aliyesema ni Chrispinus. Chrispinus mwenyewe anasemanga vipi?

Wote walimgeukia Mukhwana, kwa kuwa yeye ndiye mkwe. Alifikiri kabla ya kujibu.

MUKHWANA: Mwaka jana alikuja kwangu asubuhi na mapema. Akaniambia, baba, watu wote wanaenda kupiga kula, twende na sisi. Nikanawa mikono. Tulipofika nikaona foleni na askari.

SAJENTI: Basi huyo anageuza.

MUKHWANA: Siku hiyo aligeuza. Lakini mbele ya wazee alisema "Meri wa Shianda" sawasawa, sikio langu lilisikia.

GAZETI: Kwa hiyo akisema Meri anaweza kuwa na maana ya Meri.

SAJENTI: Na akisema meli pia anaweza kuwa na maana ya Meri.

RAJABU: Na meri je?

Nilitazama nyuso zao. Hakuna aliyekuwa na uhakika ni lipi limeulizwa. Ng'ambo ya barabara Kipsang, utingo wa basi la Kisumu, alikuwa akipakia mizigo juu na kuita abiria wa kuwahi treni.

SAJENTI: Sasa nawaambia yote, na mtanikumbuka. Tikiti ni ngapi? Mbili. Ya kwanza ya Chrispinus. Ya pili ya Meri. Ndiyo maana alimzungusha Jescah mjini kutwa. Ndiyo maana ya feri mara nne. Haloo, si wewe uliyesema mtoto amechoka?

HALOO: Nilisema. Lakini alicheka pia. Nilisikia mtu anacheka.

SAJENTI: Aliyecheka ni nani? Huenda ni Meri.

GAZETI: Na ngome. Mnasahau ngome. Mtu anaingia na mke asubuhi, nani alihesabu waliotoka?

Mukhwana alisimama. Alitazama basi. Akakaa.

RAJABU: Mzee, ukienda ukakuta ni meli, utasemaje kwa wakwe? Kwamba ulisikia r?

MUKHWANA: Kakamega nzima itanicheka. Watasema nilimfuata mkwe baharini kama polisi.

Akasimama tena.

MUKHWANA: Na nisipokwenda, na mtoto amekaa peke yake kwenye hayo meno?

Akakaa tena. Kipsang alipiga ubavu wa basi kwa kiganja.

Wakati huo Nanjala, mkewe Mukhwana, alikuwa akitoka sokoni. Alikuwa na kikapu kichwani na ingokho mmoja, kuku jike mweupe, mkononi. Aliona sura ya mumewe akasimama.

NANJALA: Baba Jescah, kumetokea nini?

Walimwambia, wote kwa pamoja. Sajenti alianza na Burma. Gazeti alianza na bendera. Mukhwana alisema Meri, Rajabu akasema meli. Nanjala alisikiliza mpaka wakakosa pumzi, kisha akamgeukia Phineas peke yake.

NANJALA: Mwanangu, Chrispinus alisema "naondoka" au alisema "tunaondoka"?

Phineas aligeuka kulitazama duka.

NANJALA: Ni swali dogo. Yeye peke yake, au wao?

HALOO: Mama, hapo mbele kulikuwa na kelele ya waya. Shhh. Mimi nilishika "ondoka". Hiyo "anaondoka" niliiweka mwenyewe, ili maneno yakae vizuri.

MUKHWANA: Uliiweka mwenyewe?

HALOO: Mtu hawezi kuleta habari ikiwa nusu, mzee.

Nanjala aliwatazama mmoja mmoja, Sajenti, Gazeti, Rajabu. Alinitazama na mimi. Alimpa Mukhwana yule kuku, akatua kikapu miguuni pake na kuvuka barabara.

MUKHWANA: Mama Jescah! Unaenda wapi?

NANJALA: Kipsang, bado kuna nafasi?

KIPSANG: Moja, mama, nyuma ya dereva.

SAJENTI: Mama, utafika Mombasa Jumatatu. Meli itakuwa imeshaondoka!

NANJALA: Si mmesema inarudi?

Kwa hilo hakukuwa na ubishi. Lilikuwa jambo pekee ambalo benchi zima lilikuwa limekubaliana.

NANJALA: Basi nitakaa pale inaporudi. Jescah akishuka, nitamsalimia na kumwuliza samaki walikuwaje. Asiposhuka, nitajua nianzie wapi.

GAZETI: Na akishuka yule Meri?

NANJALA: Huyo naye nitamsalimia.

MUKHWANA: Huna hata blanketi!

Nanjala alikuwa ameshapanda. Kipsang alifunga mlango, akagonga bati mara mbili. Basi la Kisumu liliondoka stendi likiwa limejaa, Nanjala amekaa nyuma ya dereva. Mukhwana alibaki kando ya barabara, amemshika kuku miguu, kichwa chini, mpaka basi lilipopinda kona.