Dereva wa Lori la Tatu Hakuzubaa

Mheshimiwa Mkurugenzi, wakuu wa idara, mafundi wa karakana, madereva wenzangu, familia mnaotuvumilia tukiwa safarini, na wewe Kipara uliyekaa pale mbele na mkeo: habari za mchana.

Mniwie radhi, nitazungumza nikiwa nimeketi. Miaka thelathini na moja ya usukani imenimaliza mgongo. Mshereheshaji wa hafla hii ya kuniaga amenisifu kwamba mimi, Shangazi yenu, ndiye niliyeongoza msafara wetu wa kwanza wa malori yanayowasiliana. Ni kweli. Malori manne yanafuatana kama siafu. Nikigusa breki, redio ya lori langu inayaarifu ya nyuma, nayo yanafunga breki kabla dereva hajapepesa jicho. Ndiyo maana tuliruhusiwa kukaribiana vile. Lakini sifa hiyo ina mkia, na nimechoka kuukalia.

Miaka minne iliyopita, asubuhi tukipakia, Kipara, dereva wa lori la tatu, alinijia.

"Shangazi, leo mara nakupata, mara nakupoteza. Taa ya mawasiliano inazimikazimika."

Nikamjibu nini mimi, kiongozi wa msafara? "Tutaangalia tukifika. Tumeshachelewa."

Alinitazama, akapanda lori lake. Angefanyaje, na mkubwa ameshasema?

Kwenye mteremko, nilipomaliza kona, nikakuta basi limeharibika na abiria wamejaa barabarani. Nikakanyaga breki. Lori la pili likasimama pamoja na langu, la nne likasimama. La tatu halikupata habari. Kipara alipoona kwa macho yake, nafasi ilikuwa imekwisha. Angenyoosha, angetusukuma sote juu ya wale watu. Akakata usukani, akajibamiza kwenye ukingo wa mawe. Abiria wote walirudi makwao. Yeye aliacha mguu hospitali.

Ripoti ikaandikwa: "Dereva wa lori la tatu alizubaa." Nikaitia sahihi. Nilipokwenda kumjulia hali nikamwambia, "Ndugu yangu, mashine imetuponza."

Akasema, "Mashine haikukuambia kitu, Shangazi. Mimi nilikuambia." Kisha akaniuliza kama wanangu hawajambo. Hajalirudia neno lile hadi leo.

Je, mnajua uzito wa kusalimiwa kwa upole na mtu uliyemwandika mzembe? Mimi naujua, na umenichosha kuliko barabara.

Jana nilikwenda kwa Mkurugenzi nikaisahihisha ripoti ile kwa mkono wangu. Pia amekubali kwamba tangu sasa dereva yeyote akisema hapati mawasiliano, msafara unavunjwa papo hapo, kila lori liende kivyake, na asiwepo wa kumnunia. Vijana wa karakana, mlishike hilo hata nikiwa sipo.

Kipara, hukuzubaa. Uliniambia, nami nilikusikia vizuri. Sasa mkeo anajua, na wote waliomo ukumbini wanajua. Nikitoka hapa nitakuja ulipokaa. Ukinipa mgongo, sitakulaumu.

Wapendwa, asanteni kwa kunivumilia na kunisikiliza hadi mwisho.