Mwanga Uliopita Chini ya Nyayo Zetu: Maisha ya Gershom Ruwa, 1966–1999

Tumekuja hapa Mwakirunge kumsindikiza Gershom Ruwa, na kabla udongo haujamfunika ni haki yake asimuliwe. Alizaliwa hapa hapa tarehe 3 Mei 1966, mtoto wa pili wa marehemu Mzee Ruwa Mwambire na Mama Kafedha. Baba yake alikuwa kibarua wa bandarini Kipevu, akiondoka Jumatatu alfajiri na kurudi Jumamosi. Homa ilimwondoa mzee huyo wakati Gershom ana miaka saba tu. Mama Kafedha aliwalea yeye na dada yake Waridi kwa kulima mihogo na kusuka makuti, wala hawakulala njaa. Lakini neno "baba" lilibaki kinywani mwa mtoto bila mtu wa kuliitikia. Akienda kucheza kwa wenzake, mara nyingi aliuacha mchezo akaketi karibu na baba zao, akiwasikiliza wakizungumza habari za mvua na bei ya nazi. Mama yake aliliona jambo hilo na lilimuuma.

Alisoma shule ya msingi hapa jirani na akamaliza kidato cha nne Kisauni mwaka 1984. Walimu walisema kijana ana akili ila hayupo: mwili uko darasani, mwenyewe yuko wapi hakuna ajuaye. Mwalimu wa fizikia alipowaonyesha jinsi mwanga unavyopinda ndani ya beseni la maji, wenzake walikwenda kula na Gershom akabaki na lile beseni, akilitazama kwa upande huu na upande ule. Alipokumbuka tumbo lake, sima ilikuwa imekwisha.

Baada ya chuo cha ufundi aliajiriwa katika shirika la simu mwaka 1987, akiunga nyaya za shaba. Mwaka 1994 alihamia kampuni ndogo ya televisheni ya kebo iliyokuwa na madishi yake Bamburi. Kampuni ilipoanza kulaza nyaya za kioo, nyembamba mithili ya unywele, zinazobeba picha kwa mwanga, Gershom alikuwa miongoni mwa waliofundishwa. Mwanga huo ulitoka Bamburi, na ulipogawanywa kwenda nyumba za Kisauni na ng'ambo hadi Changamwe, kila tawi lilipata kidogo mno. Kwa hiyo katika chumba kimoja Bombolulu uliwekwa mtambo wa kuutia nguvu kabla haujagawanywa. Mafundi waliuita amplifaya, na Gershom ndiye aliyekabidhiwa kuutunza.

Hapo ndipo ndoto zake zilipopata makao. Akitembea na mchumba wake, Sidi, kwenye barabara ya Kisauni, alikuwa akisimama ghafla pale kebo ilipopita chini ya ardhi.

"Hebu ngoja, Sidi. Hapa tuliposimama kuna mpira unachezwa. Kuna mvua inanyesha. Kuna mwanamke anaimba, anapita chini ya nyayo zako, nawe huna habari."

"Na huku juu kuna samaki wangu wanaharibika na jua," Sidi alimjibu. "Twende."

Alikwenda, lakini alikanyaga taratibu, kama mtu apitaye mlangoni mwa chumba ambamo watu wamelala. Sidi alimcheka, na hatua hizo za taratibu ndizo zilizomfanya ampende.

Posa yake ilikuwa na kisa. Baba yake Sidi, Mzee Nicanor Baya wa Changamwe, ni mzee wa kanisa na mtu asiyependa makuu. Mwaka 1991 alimzika mkewe. Mkesha wa matanga, vijana wasiojulikana walikotoka walifunga maspika na amplifaya uani na kucheza disko huku maiti iko ndani. Mzee aliwaomba wazime, hakuna aliyemsikia. Tangu siku hiyo hakutaka kuona spika wala mtu wa spika. Basi mwaka 1996 Gershom alifika na mjomba wake kuposa, wakakaribishwa vizuri, wakanywa chai. Mzee akauliza, kama ilivyo ada, kijana anafanya kazi gani.

"Natunza amplifaya, mzee," Gershom alijibu, tena kwa fahari.

Mzee Nicanor aliweka kikombe chini, akainuka, akaingia chumbani na kufunga mlango. Mjomba alidhani amekwenda kuchukua kofia.

Sidi alimweleza baba yake kwa wiki nzima kwamba amplifaya hii haina kelele. "Amplifaya ni amplifaya," mzee alisema. Mwishowe wazee wa kanisa walimsemea kijana, na ndoa ilifungwa Jumamosi, tarehe 7 Desemba 1996. Mzee alimtoa binti yake madhabahuni kwa heshima zote. Lakini hakula kwao, naye alimwita Gershom "fundi" tu. Kwa Gershom hilo lilikuwa pigo, kwani alikuwa ameoa akitumaini mambo mawili, mke na baba, na akapata moja.

Katikati ya mwaka 1997 alimwomba mzee waende Bombolulu. Mzee alikubali, labda apate kuthibitisha aliyoyajua. Alikuta chumba chenye baridi, feni ndogo, na kisanduku cha chuma kisichozidi biblia ya madhabahuni. Aliinama akatega sikio.

"Mbona kimya?"

"Ndiyo kazi yake, mzee. Hata mwanga wenyewe hauonekani kwa macho. Ila usichungulie, unaunguza jicho."

Mzee alivuta ndoo iliyokuwa pale, akaigeuza, akaketi. Gershom akamweleza polepole. Ndani mna uzi wa kioo uliozungushwa, na kiooni mna chembe za madini adimu. Taa nyingine ndogo inazijaza nguvu, nazo zinakaa zikingoja. Mwanga uliochoka ukipita, zinaupa nguvu zote zilizo nazo. Unatoka ule ule, na picha zile zile, ila umepata uzima.

"Na hizo chembe zinabaki na nini?"

"Hazibaki na kitu, mzee. Zinajazwa tena, zinangoja mwingine upite."

Walikaa mle ndani muda mrefu, feni ikivuma, wawili hao wakikitazama kisanduku ambacho hakikuwa na cha kutazamwa. Mwishowe mzee akasema, "Nami nilidhani unawapigia watu kelele, fundi."

Jumapili iliyofuata alikula kwao kwa mara ya kwanza, na akaomba aongezewe mchuzi. Jina "fundi" lilibaki, ila sasa lilitamkwa kwa upole. Gershom alimwambia mkewe kwamba mara nyingi neno linamfika ulimini, kisha anaona haya.

"Si umwite tu baba," Sidi alimwambia. "Atakufanya nini?"

"Aniite mwana kwanza. Nikimwita asiitike, nitaiweka wapi sura yangu?"

Mtoto wao, Ruwa, alizaliwa Oktoba 1997, na alitembea mapema kuwafuata wanaume hao wawili waliopenda kukaa pamoja bila kusema.

Mwishoni mwa mwaka 1998 sauti ya Gershom ilianza kukwaruza. Tulidhani ni mafua ya kiyoyozi. Madaktari walikuta ni saratani ya koo. Alivumilia matibabu bila kunung'unika, akifanya kazi kila alipopata nafuu, hadi Julai mwaka huu alipolazwa. Kufikia Agosti sauti ilikuwa imekwisha, umebaki mnong'ono ambao hata mkewe hakuusikia vizuri. Mzee Nicanor alianza kuja kila siku kutoka Changamwe. Aliketi kitandani, akaweka sikio karibu na midomo ya mgonjwa, kisha akainua kichwa na kuyasema kwa sauti kubwa, yeye asiyependa kelele, ili wodi nzima isikie.

"Anasema mfungue dirisha."

"Anasema Sidi ale, hajala tangu asubuhi."

"Anasema mtoto asizuiwe kucheza."

Alhamisi, tarehe 16 Septemba 1999, Gershom alinong'ona neno fupi. Mzee aliinua kichwa, asiseme kitu. Tulimwuliza amesema nini.

"Hili ni langu," alijibu, akamshika mkono, asiuachie. Gershom alitutoka alasiri hiyo, na sisi bado hatujui tutamkosa kwa kiasi gani.

Karatasi hii ilipopelekwa Changamwe ili mzee aisahihishe, jina lake lilikuwa mwishoni, limeandikwa baba mkwe. Aliirudisha bila kugusa kingine chochote, ila neno moja amelikata kwa kalamu. Tumeisoma kama alivyotaka isomwe.

Gershom amewaacha mama yake, Mama Kafedha, mke wake, Sidi, mwanawe, Ruwa, dada yake, Waridi, na baba yake, Mzee Nicanor Baya.

Mungu ampe pumziko lenye amani.