Aliyechukua Dawa Zangu Miaka Miwili

Asalaam alaykum, wagonjwa wenzangu na nyinyi jamaa mliotuleta. Mwenyekiti wa mkutano huu kanishika sikio nisitaje majina. Nitayataja. Wao jina langu walilitaja kila mwezi hapa kituoni, na mimi sipo.

Nilipoanza kusikia watu wakinisema ukutani, daktari wa kituo chetu alinipa vidonge vya serikali, bure. Sauti zikanyamaza. Tatizo likawa usingizi. Msimu wa karafuu ulipoingia nikasinzia juu ya mkarafuu, nusura nianguke. Hapo nikakosea. Badala ya kumwambia daktari, nikamwambia mdogo wangu Faki.

Faki akasema nipumzike kunywa mpaka msimu uishe. Kadi yangu ya dawa nimpe yeye, awe anakwenda kunichukulia, jina langu lisije likafutwa. Nikampa, na nikamshukuru.

Msimu haujesha, sauti zikarudi na watoto wao. Nikawa napiga kelele njiani. Na binti yake Faki alikuwa anaposwa, na Faki hakutaka wakwe wajue. Akanifunga kamba kwenye banda la makumbi ya nazi. Nani kati yenu hajui harufu ya makumbi yaliyooza? Basi mimi nililala humo, nikala humo, na haja zangu humo humo. Watu wa kijijini kwetu Gando waliambiwa nimekwenda Tanga kutafuta maisha.

Na Faki, kila mwezi, kituoni na kadi yangu. Makame wa dirisha la dawa humuuliza mgonjwa hajambo? "Anaendelea vizuri." Makame huandika: anaendelea vizuri. Miaka miwili, ndugu zangu. Faki alinifunga kwa kamba, Makame kwa kalamu, na sijui nani ananitia kichefuchefu zaidi.

Kisha akaja daktari mpya, Bi Salma. Mwezi wake wa kwanza tu, akaishika kadi yangu asiirudishe.

"Mimi sitibu kadi," akamwambia Faki. "Namtaka mwenyewe."

Faki akasema nimesafiri. Bi Salma akamuuliza, sasa vidonge anakunywa nani? Siku ile ile Bi Salma akapanda pikipiki na sheha wetu, mkubwa wa serikali hapa kijijini, wakamtanguliza Faki mpaka bandani. Hakuziba pua. Kamba akamwachia Faki aifungue mwenyewe. Vidonge vikatolewa ndani ya gunia la makonyo ya karafuu, paketi hata moja haijapasuliwa.

Nilipopata akili nilimuuliza Faki kwa nini hakunirudishia hata kidonge kimoja. Akanambia aliona haya kurudi nyuma. Haya! Ya kunifunga hakuiona.

Bi Salma akaandika barua kwa daktari wa akili hospitali kubwa ya Chake Chake. Yule akabadilisha vidonge ikawa sindano, mara moja kwa mwezi, nachomwa hapa hapa kituoni, serikali ndiyo inayolipa. Mwalimu anayenisomea dua, Bi Salma alimwendea mwenyewe wakaelewana: kisomo kiendelee na sindano isikatwe. Kila anayenigusa huandika kwenye kadi moja. Nisipotokea siku yangu, nesi hubisha hodi kwangu, na haondoki mpaka anione kwa macho yake.

Namshukuru Bi Salma. Namshukuru sheha, aliyeona akasema kweli. Namshukuru nesi na mwalimu. Makame simshukuru, bado yuko dirishani, na sasa ananiita mzee.

Mimi sikusoma, lakini hili nalijua. Dawa ya bure haimtibu asiyeonwa. Enyi jamaa, mleteni mgonjwa wenu, hata akiwatia aibu njia nzima. Na wewe mgonjwa, ukiwa na miguu, kadi yako ishike mwenyewe.

Leo asubuhi Faki kasimamisha baiskeli mlangoni kwangu. "Kaka, jua kali leo. Lete kadi nikakuulizie."

Nimekuja kwa miguu. Kadi hii hapa, mfukoni, imelowa jasho langu.