Fundi Erasto Anselmo, Msomaji wa Alama za Magurudumu

Ndugu, jamaa na majirani, huyu tunayemsindikiza leo alizaliwa tarehe 9 Machi 1958 hapahapa Newala, mtoto wa tatu wa Mzee Anselmo na Bibi Rose, wakulima wa korosho na mihogo. Mama yake alipenda kusimulia kuwa siku ya ubatizo alilia mpaka kasisi akalazimika kupandisha sauti. Sauti ile hakuipoteza. Waliowahi kumpelekea gari bovu ni mashahidi.

Alisoma shule ya msingi Newala, kisha sekondari ya Chidya, alikomaliza kidato cha nne mwaka 1977. Huko alijifunza hesabu, kuimba besi, na kutengeneza baiskeli za walimu, jambo ambalo halikuwa somo.

Mwaka 1978 aliajiriwa Masasi kwenye karakana ya malori ya korosho. Karakana ilipofungwa mwaka 1996 alirudi Newala, akafungua gereji uwanjani kwake. Mashine ya kupimia magurudumu hakuwa nayo. Alikuwa na uwanja wa mchanga, ufagio, na mke. Gari likija na malalamiko kwamba linavuta upande, Mama alifagia uwanja, gari likapitishwa taratibu moja kwa moja, kisha marehemu akainama kusoma alama. Gari likiwa zima, tairi la nyuma hukanyaga palepale lilipokanyaga la mbele, naye alisema, "Linafuata"; lililopinda huacha njia mbili. Kuku walifungiwa kwanza, maana kuku aliyekatiza kipimo aliambiwa maneno yasiyosemeka mbele ya jeneza.

Mke huyo ni Theodora, binti wa Nanganga, aliyefunga naye ndoa kanisani tarehe 20 Oktoba 1984. Mungu aliwajalia watoto watatu: Reginald, Anastasia na Flora. Akina mama wa mtaani waliposifu usafi wa uwanja wake, Mama Reginald alicheka. "Msinisifu bure," alisema. "Mimi niliolewa pamoja na ufagio wangu."

Kicheko hicho kilipungua mwaka 2023. Reginald alinunua pikapu, akaipandisha juu na kurefusha bodi ili ibebe matangi ya maji kutoka bondeni, na sote tunajua Newala maji ni kitu gani. Marehemu alimwambia, "Gari ukilipandisha, na ekseli ya nyuma ikaguliwe." Reginald alijibu kwamba hizi si gari za zamani. Kauli hiyo ilimchoma mzee. Wakanuniana, kijana akahamia Masasi, na salamu zikawa zinapitia kwa mama.

Gari lile likaanza kwenda kiubavu. Usukani ulikaa umepinda hata barabara ikiwa imenyooka, matairi yakaliwa, na mafundi wa kule wakawa wananyoosha ya mbele tu. Theodora aliyasikia hayo kwenye simu, na kila mwanawe alipopanda mlima na maji alikaa na rozari mkononi mpaka apigiwe kwamba amefika. Alikuwa na maombi mawili: gari linyooke, na wale wawili wake wapatane. Ugonjwa wa figo ulipomwangusha mumewe mwaka jana, aliona muda unamponyoka. Mwishowe akapiga simu. "Reginald, baba yako anaisha. Njoo, na gari uje nalo."

Alikuja Jumapili tarehe 8 Juni 2025. Mama alikuwa ameshafagia. Marehemu alikaa kwenye kiti, blanketi miguuni.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Lipitishe."

Miaka miwili ya kununiana iliishia hapo. Damu nzito kuliko maji, hata maji ya Newala. Gari likapita, na marehemu akaomba ashikwe ainame. Alama za nyuma zilikuwa zimeegemea kulia.

"Mmelipaka dawa kichwani," alisema, "ugonjwa uko kiunoni."

Akaagiza kamba anayopangia mistari ya mikorosho. Reginald aliivuta upande wa kushoto, kutoka katikati ya gurudumu la mbele hadi katikati ya la nyuma, akapiga fundo. Alipoihamishia kulia, fundo halikufika. Ekseli ilikuwa imerudi nyuma upande ule. Chini ya gari wakaikuta bolti inayoshikilia springi imekatika, pale palipoongezwa vyuma vya kulipandisha. Reginald alipiga magoti mchangani akalia. Baba yake akamwekea mkono kichwani.

"Chuma kinarudi mahali pake, mwanangu. Katafute bolti, uikaze vizuri. Jumamosi ulilete nilisome tena."

Jumamosi hiyo ndiyo leo. Hali ilibadilika Jumanne, akapelekwa hospitali Masasi, na Alhamisi tarehe 12 Juni, saa nne asubuhi, akafariki dunia mkono wake ukiwa mkononi mwa Theodora. Gari lilikuwa limeshatengenezwa. Msomaji wake ndiye alikuwa ameondoka.

Jana marehemu aliletwa nyumbani kwa gari hilohilo. Kwa desturi yetu uwanja wa msiba haufagiwi mpaka tanga lianuliwe. Lakini Theodora, aliyetangulia kufika, alifungia kuku, akashika ufagio. Jirani yake, Bi Mwanaisha, alimkimbilia.

"Mama Reginald, jamani! Tanga bado!"

"Niache, mwenzangu. Hii ni kazi yake, haijaisha."

Akafagia huku machozi yanadondoka mbele ya ufagio. Gari likaingia taratibu, Reginald kwenye usukani. Kabla mtu yeyote hajasogelea jeneza, mama aliinama akatazama mchanga, akaufuata kwa macho tangu langoni mpaka lilipokomea gari. Njia ilikuwa moja. Kisha akaweka kiganja juu ya jeneza.

"Baba Reginald," alisema, "linafuata."

Marehemu ameacha mke, watoto watatu, wajukuu watano na dada yake mmoja, Getrude. Alama zile bado zipo uwanjani, na Mama anaomba tuzizunguke tunapoingia na kutoka. Fundi wetu, mume wetu, baba yetu, apumzike kwa amani.